Fromaji ya Masisi inakaa siku ngapi? Historia ndogo ya maziwa, chumvi na barabara



Leo tuongee historia, lakini historia ya kitu tunachokula na mukate asubuhi bila kuuliza kimetoka wapi. Swali lenyewe ni la nyumbani kabisa: ukinunua fromaji, inaweza kukaa siku ngapi mbele ya kuharibika? Wengi tunajibu haraka: "Weka tu mu frigo, basi." Mimi nilipofuatilia hili jambo nikaona jibu lilianza kutafutwa maelfu ya miaka mbele frigo itengenezwe, na kipande kimoja cha jibu hilo kiko hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, ku milima ya Masisi.

Ninachotaka kuwaonyesha ni hiki: siku ambazo fromaji itakaa nyumbani kwako hazipangwi na frigo peke yake. Zinapangwa kwanza na yule aliyeitengeneza. Aliacha maji kiasi gani ndani? Alitia chumvi kiasi gani? Alijua itasafiri mbali ao italiwa pale pale? Ukijua historia hiyo, unajua pia namna ya kuichunga.

Na si mambo ya watu wenye pesa tu. Kilo moja ya fromaji kama ile ya Masisi inatoka ku litre karibu 10 za maziwa. Ukiitupa, umetupa litre 10 pamoja na kazi ya mufugaji. Ukikula ile imeharibika, unaweza kuishia hospitali.

(Kitabuni wanaandika "jibini". Lakini ukienda soko ya Virunga hapa Goma kuomba jibini, watakuangalia tu. Nitaandika fromaji, vile tunaisema.)

1. MAZIWA HAYANGOJI MUTU

Maziwa ya ng'ombe ni maji karibu 87 kwa 100. Kile kinachobaki ni mafuta, protini, sukari ya maziwa na chumvi za madini. Kwa mikrobe hicho ni chakula cha sikukuu. Maziwa mabichi yakikaa inje kwenye joto, masaa machache tu yanaanza kubadilika.

Wazee wetu walijua hilo vizuri, na walikuwa na dawa yao. Bashi wanaita mashanza, na leo Bukavu na Goma kila mutu anajua neno hilo. Wanyarwanda wanaita ikivuguto. Ni maziwa yaliyoachwa yachachuke kwa mupango, mu chombo kinachojulikana. Uchachu ndio ulinzi: mikrobe nzuri zinakula sukari ya maziwa, zinatoa asidi, na ile asidi inafukuza mikrobe mbaya nyingi. Tena vyombo vya mbao vya maziwa vilitiwa moshi, na mafuta yalitolewa kwa kutikisa maziwa ndani ya kibuyu. Hiyo ilikuwa elimu kamili, na haikuhitaji umeme.

Lakini huku kwenye Maziwa Makuu wazee hawakuwa na desturi ya kutengeneza fromaji ya kukamua na kukausha. Kuna watu wanaosema ni kwa sababu hawakujua. Mimi sikubali hivyo. Naona hawakuwa na sababu. Mashanza ni jibu la familia inayoishi karibu na ng'ombe wake: leo unakamua, kesho kutwa unakunywa, na ng'ombe bado yuko pale. Fromaji ni jibu la swali lingine: nitafanya nini ili maziwa ya leo yamufikie mutu aliye mbali, asiye na ng'ombe, baada ya mwezi?

2. WALE WALIOTUTANGULIA KUJIULIZA

Swali hilo watu wengine walijiuliza zamani sana. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba vyungu vyenye matundu vilivyochimbwa Poland, vya miaka karibu 7 000, vilikuwa bado na alama za mafuta ya maziwa. Vilikuwa vichujio. Na kazi yote ya fromaji iko ndani ya kichujio: kuondoa maji.

Mwandishi mumoja wa Roma, Columella, katika karne ya kwanza, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo na ufugaji. Katika sehemu ya fromaji anaeleza jambo ambalo mama muuzaji wa leo angelikubali mara moja. Anasema fromaji iliyotengenezwa laini na yenye maji inapaswa kuuzwa upesi ikiwa bado mbichi, lakini ile nzito na iliyokamuliwa vizuri inaweza kuvumilia muda murefu. Anaeleza namna ya kuikandamiza kwa uzito, kuitia chumvi, kuikandamiza tena, na kuiweka kwenye mbao mahali penye kivuli na baridi. Na ile ya kuliwa siku chache? Anasema inatolewa ku kikapu, inachovywa mu maji ya chumvi, inakaushwa kidogo ku jua, basi.

Mwangalie vizuri: miaka karibu 2 000 iliyopita walishagawanya fromaji mafungu mawili, ya haraka na ya safari. Mugawanyo huo haujabadilika hata leo.

Uholanzi ndio waliofanya ya safari kuwa biashara kubwa. Gouda ni jina la muji ambao soko lake liliuza hiyo fromaji. Namna ya kuitengeneza: maziwa yanatiwa prezire, ile dawa ya kugandisha ambayo asili yake ni tumbo la ndama. Yakiganda yanakatwa vipande vidogo. Sehemu ya maji inatolewa, maji ya moto kidogo yanaongezwa ili kuosha sukari ya maziwa, halafu vipande vinakandamizwa ndani ya umbo la duara. Baadaye ile duara inalala ndani ya maji ya chumvi kali, kisha inawekwa kwenye mbao, inageuzwa mara kwa mara, na inajitengenezea ganda. Ndani inabaki na maji karibu 40 kwa 100. Linganisha na fromaji mbichi nyeupe, ambayo inaweza kuwa na maji 80 kwa 100. Njo maana Gouda na ndugu yake Edam zilipanda meli na kuzunguka dunia, lakini fromaji nyeupe ilibaki jikoni.

Kuna na upande wa magonjwa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza uchunguzi wa kitu cheupe kilichopatikana Saqqara, Misri, ndani ya kaburi la Ptahmes, aliyekuwa mukubwa wa muji wa Memphis, miaka zaidi ya 3 000 iliyopita. Walisema ni mabaki ya fromaji, na ndani yake waliona dalili ya mikrobe ya brucellose. Ugonjwa huo bado uko: homa inayokwenda na kurudi, maumivu ya viungo, na kwa ng'ombe mimba kutoka. Mwaka 1887 daktari David Bruce aliitambua mikrobe yake kule Malta, na mwaka 1905 Themistocles Zammit alionyesha kwamba watu wanaupata kupitia maziwa ya mbuzi. Dawa ya upande wa maziwa ni moto: ukipasha maziwa 63°C kwa dakika 30, mikrobe za namna hiyo zinakufa. Tunaiita pasteurisation ju ya Louis Pasteur, aliyefanya majaribio ya kupasha vinywaji katika miaka ya 1860. Shikeni hii kidogo, tutairudilia.

3. SASA MASISI

Masisi ni milima ya kijani. Malisho mengi yako juu ya metre 2 000, wakati Goma iko metre karibu 1 500. Kila ukipanda metre 1 000, joto linashuka karibu digri 6. Maana yake Masisi ina frigo ya bure iliyotolewa na milima: chumba chenye kivuli, chenye hewa, na baridi ya usiku.

Ng'ombe wa Masisi wana historia nzito. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, kupitia Mission d'Immigration des Banyarwanda, ilihamisha maelfu ya familia kutoka Rwanda kuzileta huku, kwa sehemu kubwa ju ya kazi ya mashamba ya wazungu. Baadaye, mwaka 1973, sheria mupya ya ardhi ya Julai 20 ilitoka, na tarehe 30 Novemba Mobutu akatangaza zairianisation: mashamba ya wageni yakapewa wananchi, mara nyingi wakubwa wenye uhusiano na serikali. Mashamba mengi yaliyokuwa ya kilimo yakageuka malisho. Historia hii ina majeraha mpaka leo, na haiwezi kuenea ndani ya andiko moja. Mimi hapa ninafuata maziwa tu.

Ni katika miaka hiyo ya 1970 ambapo mapadri Wakatoliki waliotoka Ubelgiji walifundisha watu wa Masisi kutengeneza fromaji ya namna ya Gouda. Leo majina kama Lushebere, Ngungu, Kilolirwe na Mushaki yanafahamika na kila mutu anayependa fromaji hapa mujini. Goma ikawa mulango wa kutokea: kutoka hapa fromaji ilikuwa inapanda ndege ao gari, inafika Kinshasa, inavuka mupaka.

Kwa nini Gouda na si fromaji nyeupe laini, ambayo ni nyepesi kutengeneza? Kila nikiangalia karta ya Masisi naona jibu ni barabara. Kutoka Masisi-centre hadi Goma ni kilometre karibu 80. Kwenye karatasi ni safari ya masaa mawili. Wakati wa mvua, wenye kuijua wanajua: gari inalala mu matope, mizigo inashushwa, mutu anangoja. Maziwa mabichi ndani ya bido hayawezi kungoja. Fromaji nyeupe haiwezi. Duara la kilo moja ao mbili, lililokandamizwa, lenye chumvi na ganda kavu, hilo linaweza. Linafungwa ndani ya gunia ao karto, linapanda moto ao gari la mizigo, likifika Sake linaweza hata kumalizia safari ku chukudu.

Kwa hiyo fromaji ya Masisi ni maziwa yaliyofundishwa kuvumilia barabara mbaya. Ugumu wake na chumvi yake vina kazi hiyo.

4. VITA NA KUNGOJA

Mwezi Machi 1993 vita ya Walikale na Masisi ilianza. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma. Katika miaka ile ng'ombe wengi waliibwa, walichinjwa ao walivushwa mupaka. Bila ng'ombe hakuna maziwa, bila maziwa nyumba za fromaji zilifungwa. Baadaye wafugaji wakaanza upya, pole pole. Kisha vita ikarudi, ikaenda, ikarudi. Mwaka 2024 mapigano yalipofika kandokando ya Sake, barabara ya kuingia Goma ikakatika.

Hapo unaelewa kwamba swali la "inakaa siku ngapi" si la jikoni tu. Kwa mufugaji wa kule, barabara ikifungwa, litre zake za asubuhi zina njia mbili: ziharibike leo, ao zigeuke kitu kinachoweza kungoja mwezi. Kuna familia ambazo minerval ya watoto ilikaa juu ya mbao pamoja na fromaji, ikingoja barabara ifunguliwe.

5. BASI NYUMBANI KWAKO: SIKU NGAPI?

Tukishajua historia, tunaweza kujibu bila kubahatisha.

Fromaji mbichi nyeupe. Hii ni ile ya mafundo laini, pamoja na ile tunayotengeneza wenyewe: unachemsha maziwa, unatia maji ya ndimu, unachuja na kitambaa. Ina maji mengi, ni ya "haraka". Ndani ya frigo inayofika 4°C, ile ya nyumbani ikule ndani ya siku 3 hadi 5. Ya kununua, ikishafunguliwa, usipitishe wiki moja. Bila frigo, tengeneza kiasi cha siku hiyo na uimalize siku hiyo. Isikae ku meza zaidi ya masaa 2. Iweke ndani ya chombo safi chenye kifuniko, na utumie kijiko safi, si kile ulicholamba.

Fromaji mbichi ya kuwekwa mu maji ya chumvi. Ukiikamua vizuri mpaka ishikane, unaweza kuizamisha mu maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi gramu karibu 100 kwa litre, halafu ndani ya frigo. Ni ujanja ule ule wa Columella. Inaongeza siku kadhaa, lakini haiigeuzi kuwa Gouda.

Fromaji ya Masisi ikiwa nzima. Ganda likiwa halina ufa, hii ndiyo mushindi. Mahali penye baridi inaweza kumaliza miezi. Kama hauna frigo, iweke kwenye ubao, chumba chenye kivuli na hewa, mbali na makala na jua. Igeuze kila siku mbili tatu. Ukiona ukungu ku ganda, ipanguse na kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, kisha iache ikauke. Lakini Goma ina joto kuliko Masisi, kwa hiyo usihesabu miezi ya kule juu. Hesabu wiki.

Fromaji ya Masisi ikishakatwa. Hapa wengi wanapotea. Ukiikata, umefungua mulango: ganda halilindi tena upande ule. Ndani ya frigo kipande kinakaa wiki 3 hadi 4. Kifunge kwanza na karatasi safi, halafu kwenye chombo chenye kifuniko. Sashe ya plastiki peke yake inafungia jasho la fromaji ndani, na jasho linaleta ukungu. Bila frigo, nunua kipande cha siku mbili tatu tu. Afazali uende soko mara mbili.

Umeme ukikatika. Frigo ikibaki imefungwa inachunga baridi masaa karibu 4. Usiifungue kila dakika "kuangalia kama bado". Ikipita hapo, kipande cha Masisi hakina shida kubwa, kilizaliwa kwa ajili ya maisha ya namna hiyo. Fromaji nyeupe iliyopata joto, isamehe, itupe.

Ukungu. Ku fromaji ngumu, kata sentimetre 2 na nusu kuzunguka na chini ya ukungu, kisu kisiguse ukungu wenyewe, halafu unakula inayobaki. Ku fromaji nyeupe laini, tupa yote, kwa sababu maji yamekwisha kubeba kitu ndani. Na ikiwa harufu imekuwa ya kuoza, ao imekuwa na utelezi, usiongeze pilipili kuificha.

Kugandisha kwenye congélateur. Masisi inakubali miezi, lakini ikitoka inavunjika-vunjika. Itumie ku chakula cha moto. Fromaji nyeupe inapoteza ulaini.

Na sasa ile ya moto niliyosema mushike. Chumvi na baridi vinachelewesha mikrobe, lakini haviondoi zote. Fromaji mbichi ya maziwa yasiyopashwa inaweza kubeba brucellose, na kuna mikrobe nyingine, listeria, inayoendelea kuzaana hata ndani ya frigo. Kwa mama mwenye mimba ni hatari kwa mutoto. Kwa hiyo uliza muuzaji: maziwa yalipashwa? Kama hajui, mama mwenye mimba, mutoto mudogo na muzee wasiile mbichi. Iingie ndani ya chakula, iive mpaka ichemke.

6. KAZI INAYOTUBAKIA

Tumesoma droit, économie, agronomie, médecine. Tunaweza kueleza soko la Ulaya bila kuangalia karatasi, lakini wangapi kati yetu wameandika hata ukurasa mumoja kuhusu watu wa Lushebere ao Ngungu waliojifunza kazi hii miaka ya 1970? Wale waliofundishwa mikono kwa mikono wanazeeka. Wengine waliikimbia milima yao, bila ng'ombe, na ujuzi wote uko kichwani mwao. Kipimo cha chumvi, namna ya kusikia kwa kidole kama maziwa yameganda vya kutosha, siku ya kugeuza: vitu hivyo havikuandikwa. Ng'ombe wanaweza kununuliwa tena, lakini muzee akiondoka, ule ujuzi hakuna soko unauzwa.

Mwanafunzi wa histoire anayetafuta mada ya TFE, mada ni hii. Wa agronomie, pima joto la vyumba wanavyotumia kuwekea fromaji, hesabu siku. Wa médecine, ongea na wauzaji kuhusu maziwa ya kupashwa. Na kama kwenu kuna babu ao bibi aliyefanya kazi mu nyumba ya fromaji, chukua telefone, umurekodi wiki hii, kwa luga anayoipenda. Umuulize kwanza lile swali letu la nyumbani: "Babu, bila frigo, mulikuwa munaichunga siku ngapi, na mulifanya je?"